Satini ya Bibi Harusi na Kipara Changu

Jumatatu, 3 Juni
Kitambaa cha gauni la bibi harusi kimekuja dukani! Satini nyeupe. Bosi, mama asiyependa mchezo, katangaza: fundi atakayemaliza wiki bila doa ndiye atakayelishona. Mafundi ni wawili, mimi na Sindano. Miaka sita nashona sare za shule! Mama yangu mzazi nimeshamwambia gauni ni langu. Saa nne, doa kwenye blauzi ya mteja. Vidole vyangu. Sindano kacheka mpaka kaegemea cherehani.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua: viganja vyangu vinatoa mafuta. Nimenawa kwa sabuni ya vyombo mara kumi na moja. Doa tena! Dada yangu muuguzi kasema viganjani hakuna tezi ya mafuta hata moja. Pale ni jasho, maji ya kupoza mwili. Tezi za mafuta zimejazana usoni na kichwani, kwenye mashina ya nywele. Kauliza uso naufutia nini. Kiganja, nikamjibu. Kaguna. Kasema nitumie leso. Leso! Mtu mwenye akili zangu?

Jumatano, 5 Juni
Mafuta yanakaa kwenye nywele. Basi nywele ziondoke! Nimenyoa kipara. Sindano atanikoma.

Alhamisi, 6 Juni
Kipara kinang'aa kama sufuria mpya. Dada kasema wembe umekata nywele tu, tezi ziko chini ya ngozi zinachapa kazi. Mbona hakusema mapema? Kasema sikumuuliza. Nimejipaka poda kichwa kizima. Doa hakuna! Bosi katabasamu, kasema madoa ya mwanzo kayasamehe, maana mshono wangu unampita Sindano; kesho nikimaliza safi, gauni ni langu.

Ijumaa, 7 Juni
Joto la kufa mtu. Jasho likakutana na poda, ukawa uji, uji ukaingia machoni. Nikasema haya, leo namsikiliza dada. Nikapapasa mezani, nikapata kitambaa laini, nikajifuta uso, shingo na kipara chote. Raha iliyoje! Kumbe ni mkono wa gauni, bosi alikuwa ameshalikata ili anikabidhi mimi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Gauni kapewa Sindano. Mimi nimepewa ovaroli za gereji, eti huko mafuta yangu hayataonekana. Nimelia chooni. Mama sijamwambia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimewaza usiku kucha, kosa nimelipata. Nyusi! Nilizisahau kabisa. Kinyozi anafungua saa mbili.