Ng'ombe Wanne wa Mzee Sebagenzi

Jumatatu, 4 Machi 2002. Uvira.

Habari mbaya asubuhi, habari nzuri jioni. Mbaya: Madame Claire, mkuu wa ofisi yetu ya mifugo, ametuita mimi na Étienne. Kuanzia Aprili mradi utalipa mtu mmoja tu wa kompyuta. Mmoja! Na mimi nimeshatangaza mtaa mzima wa Kilibula kwamba naoa mwaka huu. Atakayebaki ni yule ambaye faili lake la mifugo litafika makao ya mradi Bujumbura salama na kuleta chanjo ya homa ya mapafu kwa ng'ombe wa milimani.

Nzuri: mshindani wangu ni Étienne. Étienne anaandika faili kwa maneno. Jina, koma, kijiji, koma, idadi. Mfugaji mmoja, mstari mmoja. Yeyote anaweza kulifungua akalisoma, hata mlinzi wa lango. Sasa kila mtu akisoma, wewe fundi umebaki na nini?

Langu ni la binari. Hakuna koma, hata majina yamegeuzwa namba, namba tupu zimeshindiliwa ndani ya vijisanduku vya mashine, tunaviita octet. Halifunguki bila programu yangu. Programu iko kwenye disketi mbili: moja Bujumbura, nyingine mfukoni mwa shati langu. Wakinifukuza watafungua na nini? Nimecheka peke yangu mpaka dada yangu Anne akagonga ukuta.

Jumanne, 5 Machi.

Kuingiza idadi kutwa nzima. Idadi ni za Étienne, siwezi kubisha. Tulipanda milimani wote wawili, lakini viatu vyangu vya ofisi vilikata tamaa kabla yangu, nikabaki kwenye nyumba ya kwanza nikinywa maziwa. Kule mfugaji hatamki idadi ya ng'ombe wake. Ukimwuliza anakwambia wapo, Mungu anawaona. Basi Étienne alisimama karibu na zizi wakati ng'ombe wanarudi, akawa anahamisha harage moja kwa kila mmoja kutoka mfuko huu kwenda ule, kimya, bila kumwudhi mtu. Kwa Mzee Sebagenzi maharage yalimwishia akaendelea na mahindi.

Kila mfugaji nimempa octet moja kwa ng'ombe wake. Kijisanduku kimoja, mwisho wake kubeba ni 255. Ndiyo siri ya faili dogo. Étienne akachungulia, akauliza mwenye ng'ombe wengi kuliko hapo itakuwaje. Nikamwuliza kwa vita hivi ni nani bado ana ng'ombe wengi hivyo. Akaanza kutaja mtu. Nikamwambia hilo lilikuwa swali la kufunga mazungumzo, si la kujibiwa. Akanyamaza. Nimeshinda.

Jumatano, 6 Machi.

Siku ya mashindano. Faili zinapita kwa redio, ile phonie ya ofisini iliyofungwa kwenye kompyuta. Inatuma polepole, na mafuta ya jenereta ni ya kuhesabu matone.

Étienne alianza. Faili lake lilijikokota na koma zake zote. Mvua ikaja juu ya ziwa, phonie ikaanza kukoroma, mawasiliano yakakatika kwenye herufi M. Wafugaji wote baada ya M wamebaki Uvira. Nikamfariji kwa kumpiga mgongoni, pengine kwa nguvu kidogo.

Langu lilipita lote kabla chai ya Madame haijapoa. Bujumbura wakajibu wamelifungua, liko zima. Étienne akasema nusu yake walau inasomeka na anayetaka anaweza kuikagua. Akauliza langu nani kalikagua. Wivu ni ugonjwa. Nimeangalia bei ya suti.

Ijumaa, 8 Machi.

Kamanda wa hawa wanaotawala mji sasa alikuja ofisini na askari. Anataka mchango wa vita, na mchango wenyewe ni ng'ombe. Akataka kuona nani anao na wangapi.

Étienne alikuwa ameona gari lao dirishani akafuta faili lake papo hapo. Sikujua ana kasi ile. Likabaki langu. Wakalifungua bila programu, kioo kikajaa vitu vya ajabu: visura vinavyocheka, mioyo, vijiua kama vya karata. Kamanda alitazama muda mrefu.

"Hii mioyo," akaniuliza kwa upole, "iko ya nani?"

Nikaeleza kuwa ni namba. Akasema yeye anajua namba, na hizi si namba, hii ni lugha ya adui. Askari mmoja akafunga mlango.

Naandika haya kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mimi Marcellin, mwenye faili lisilofunguliwa na mtu, nilichomoa disketi mfukoni nikamfungulia mwenyewe. Hakuwa ameniomba. Hata kiti nilimvutia.

Majina yakajipanga. Akatafuta moja tu, alilokuwa amelisikia mpaka barazani kwao: Sebagenzi. Ng'ombe: 4.

Akacheka, akasema mzee huyu ni maskini kuliko yeye, watu wanapenda kukuza mambo. Wakaondoka.

Nikajua kilichotokea pale pale. Octet ikijaa haimwagiki, inarudi kwenye sifuri na kuanza upya. Mzee ana 260. Mashine ilifika 255, ikarudi: sifuri, moja, mbili, tatu, nne. Lakini Madame Claire alinishika mkono kwa mikono miwili, macho yana machozi, akasema nimeokoa boma zima kwa akili yangu. Nilitaka kusema ukweli. Ulimi ulikataa. Étienne alikuwa ananitazama tu.

Alhamisi, 14 Machi.

Chanjo zimefika. Mzee Sebagenzi ameshuka mwenyewe kuzichukua, fimbo mkononi, kofia imelowa. Huko juu ugonjwa umeshaingia boma la jirani yake. Madame akafungua kasha lenye jina lake.

Dozi nne.

Mzee hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliomba kujua nani amepanga. Wakaninyooshea kidole. Akakaa mbele yangu, akaweka zile chupa mezani.

"Mutoto wangu, miye siwezi chagua. Weye uko na mashini. Unichagulie ile ine itapona. Na zile zingine nizirudilie, niziambie nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Madame akaniuliza kama ile nne niliiweka makusudi kumdanganya kamanda. Nikasema ndiyo, mkakati. Akauliza basi kwa nini Bujumbura sikuwaambia idadi ya kweli. Sikuwa nimefika huko katika uongo wangu.

Étienne alikaa kwenye mashine akaandika mstari mmoja: Sebagenzi, koma, kijiji, koma, 260. Akamwita mzee asome. Mzee anasoma Biblia tu, lakini mstari ule aliusoma. Alipofika kwenye idadi aliziba mdomo kwa kiganja, halafu akatikisa kichwa kukubali. Phonie ikautuma kabla jenereta haijakohoa hata mara moja. Étienne akaufuta.

Jumanne, 19 Machi.

Kasha la pili limepita ofisini kuelekea milimani, wabeba mizigo wawili. Ng'ombe wa mzee watachanjwa wote. Nimefurahi kweli, sitanii. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Madame amempa Étienne kazi. Amenishukuru kwa huduma. Nikakumbusha kwamba bila mimi hakuna wa kufungua faili langu. Akasema hakuna anayetaka kulifungua.

Jumanne, 2 Aprili.

Pasaka imepita, na mimi nimefufuka. Wakulima wa mpunga wa Sange wanatafuta mtu wa kuwawekea mavuno kwenye kompyuta. Nimekwenda, nimezungumza, wamenikubali. Kilibula nimetangaza upya kwamba naoa.

Nimekaa wiki mbili nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe anazaa, hata ukimpa kijisanduku kikubwa namna gani, kesho ana ndama. Mpunga hauzai ghalani. Gunia likiingia ni gunia. Kwa hiyo kila mkulima nimempa octet moja kwa magunia yake, faili dogo, safi, halifunguki bila programu yangu. Disketi iko mfukoni mwa shati.

Nimekutana na Étienne sokoni, nikamweleza ili aumie kidogo. Akauliza mwenye magunia zaidi ya 255 itakuwaje. Nikamwuliza nani huko Sange ana magunia mengi hivyo. Akaanza kutaja mtu. Nikamwambia hilo lilikuwa swali la kufunga mazungumzo.

Akanyamaza. Nimeshinda tena.