Munji Amfungia Mlango Mkwewe

Habari iliyoutikisa mkahawa wa Bab Jalladin, Kairuani, adhuhuri ile haikuwa ya serikali wala ya mpira. Munji, mlinzi wa seva ya barua pepe ya chuo, alikuwa amemkataa baba mkwe mtarajiwa. Mara tatu. Kwa maandishi.

"Mzee wa watu kakuandikia kukutajia siku ya posa," alisema Firimbi, mpiga tarumbeta wa harusini, akichanganya karata. "Barua ikamrudia: 'Umekataliwa.' Wewe una akili kweli?"

"Si mimi, ni seva!" Munji alijitetea, jasho likimdondokea kwenye kahawa. "Kuna tapeli alikuwa akitutumia matangazo ya dawa ya kipara. Nikaifungia anwani ya kompyuta yake, ile ya namba."

"Yake tu?"

Munji alikohoa. "Na za jirani zake. Kidogo."

"Kidogo gani?" aliuliza Mufti, ambaye hakuwa mufti bali kinyozi asiyeishiwa fatwa.

"Nilitaka kufunga nyumba moja. Nikakosea tarakimu moja, nikafunga mtaa."

"Mtaa?"

"Mji. Na mashamba yake."

Meza nzima iliangua kicheko.

"Panya mmoja, umechoma ghala!" alisema Firimbi.

"Lakini jana nilirekebisha! Niliongeza mstari: anwani ya nyumbani kwa mzee, iruhusiwe. Nikauweka chini kab..." Munji akakwama. "Ole wangu! Seva inasoma kutoka juu. Ikikuta mstari unaomhusu mtu, inautii hapo hapo. Haishuki tena."

"Yaani bawabu keshamtimua mgeni getini," alisema Mufti, "wewe uko jikoni unampakulia kuskusi!"

Munji alifungua kompyuta, akaupandisha ule mstari juu kabisa. Barua ikaingia. Haikutoka kwa mzee, bali kwa Raufa, binti mwenyewe anayeposwa, mwalimu wa kompyuta. Firimbi akaisoma kwa sauti ya mahubiri:

"'Nasi nyumbani tunasoma kutoka juu. Mstari wa kwanza: anayemkataa baba, akataliwe. Wa pili: Munji, aruhusiwe.' Hongera, bwana harusi!" Akainua tarumbeta.

"Weka chini hilo," Munji alinong'ona. "Huo wa pili hausomwi kamwe."

"Tulia, kuna nyongeza. 'Mpangaji wa mistari ni mama. Anapenda makrudh za moto.'"

Munji hakumaliza kahawa. Dukani kwa muuza makrudh, vile vitafunio vitamu vya tende, alikuta foleni ndefu. Kwa kuwa sasa alijua thamani ya kuwa juu, alijipenyeza hadi mbele, mbele ya mama mmoja mwenye kikapu.

"Wewe kijana, huna adabu? Nyuma kabisa!"

Munji aligeuka kumjibu. Akamtambua: mpangaji wa mistari mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema, akaenda nyuma kabisa.