Matundu ya Hägglund

Jumatatu, 3 Februari
Lo! Leo nimeingia kwenye historia. Uvimbe wa bibi mmoja wa hapa Umeå, Sweden, uliotolewa kwenye utando wa ubongo, umefika maabarani kwangu. Si saratani, bibi yuko salama, Mungu ashukuriwe. Lakini chini ya hadubini! Seli za uvimbe huu huwa zinajizungusha kama mkate wa mdalasini. Hizi zangu zina matundu. Matundu kila mahali! Hakuna kitabu chenye picha hii. Daktari Gunvor, tunayekaa naye chumba kimoja, ana mpangilio wa seli aliougundua, uko vitabuni, tena kwa jina lake, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Mimi mwakani nastaafu bila hata nukta yenye jina langu. Sasa basi: Matundu ya Hägglund! Slaidi, kile kioo chenye kipande cha uvimbe, nimeificha pamoja na soksi zangu za kuteleza kwenye theluji.

Jumanne, 4 Februari
Gunvor kauliza mbona nachekacheka. Nikasingizia hali ya hewa. Nje tufani ya theluji! Akanikumbusha pia kwamba kisu changu cha kukatia vipande vya uvimbe kina pengo, kinaviachia mistari, nikibadilishe. Wivu huo. Watu maarufu hatuna muda wa visu.

Jumatano, 5 Februari
Kwa desturi ya hapa, keki ya ushindi huletwa na mshindi mwenyewe. Nimeagiza ya kijani, imetobolewa matundu, na jina langu juu.

Ijumaa, 7 Februari
Aibu! Nimeitoa slaidi mbele ya wote; Profesa Sixten, mkuu wetu, kaitazama, kaguna. Gunvor kwa upole akaomba kipande kingine cha uvimbe uleule, kilichohifadhiwa kwenye dawa bila kugandishwa. Hakuna tundu hata moja! Akaniuliza changu nilikigandisha vipi kabla ya kukikata. Nikasema kwenye friza ya kawaida, maana saa ya kahawa ilifika, na hapa ukikosa kahawa watu wanadhani umefiwa. Chumba kizima kicheko! Kikiganda polepole, barafu hutoboa seli. Somo hilo nalifundisha mimi mwenyewe! Ndipo keki ikaingia. Gunvor akajikatia penye jina langu, akasema haya matundu angalau yanalika. Nimeumia. Nimekula vipande viwili.

Jumatatu, 10 Februari
Nimetubu kabisa. Uvimbe mpya leo, nimeugandisha upesi, kahawa nimeikosa, watu wamenipa pole. Nikachungulia. Mungu wangu! Mistari! Myembamba, imenyooka, toka ukingo hadi ukingo. Hakuna kitabu chenye picha hii! Gunvor kauliza kama kile kisu nilikibadilisha. Wivu tu. Nimeshampigia mwokaji wa keki. Safari hii aichore mistari.