Difu ya Pikapu Imemnyima Mtoto Usingizi

Uthiru,
14 Juni 1994

Kwa Fundi Balbir,

Natumaini gereji haijambo. Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa masikio. Nakuandikia kwa heshima kuhusu ile difu ya pikapu, zile gia za nyuma ulizotia kwenye Datsun yetu kuukuu. Ningekuja mwenyewe, lakini kila nikija kulalamika unanipa chai na ninasahau kuudhika.

Nakubali kwamba ni mimi niliyekuja kulia kwako eti gari haliwezi kilima cha nyumbani. Nakubali pia uliniuliza vizuri: Mama Peres, unataka ya tatu nukta tisa ama ya nne nukta tatu? Fundi, mimi nimesoma shule ambayo mwenye alama nyingi ndiye aliyefaulu. Nikachagua kubwa. Hata muuza viatu humwambia mtu ajaribu kwanza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima sasa tunakipanda kama mbuzi. Hili si lalamiko, lakini nimeshaandika nambari na sina karatasi nyingine.

2. Kwenye barabara kuu ya Waiyaki Way injini inapiga kelele kama mtu aliyemwagikiwa na uji moto. Nikitafuta gia ya kuongeza, gia zimekwisha.

3. Mshale wa spidi sasa unasoma themanini hata gari likijikokota. Nilimringia shemeji yangu Were, mpaka lori la makaa likatupita, dereva akinipungia mkono kama anayeaga mgonjwa.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Binti yangu Peres, miezi saba, zamani alilazwa na mngurumo wa gari kabla hatujafika Kangemi, akaendelea kulala chini ya meza ya kukatia sare kazini kwangu mpaka mchana. Sasa anafika mjini macho wazi, analia hadi wateja wanaondoka. Mwajiri wangu Vidyaben, mtu mpole kabisa, amesema mtoto akilia hivi mpaka Ijumaa, basi tubaki nyumbani wote wawili. Kazi ile naihitaji, Fundi.

Kwa hiyo naomba unirudishie difu ya zamani. Ikiwa umeshaiuza, uje dukani kila asubuhi umbembeleze mtoto mwenyewe. Na ikiwa hilo nalo ni gumu, tafadhali uliza ofisi inayohusika kama kilima cha Uthiru kinaweza kupunguzwa. Sitaki makuu, futi kumi hivi.

Nisalimie Amrit na wote wanaolala chini ya magari hapo kwako.

Ni mimi mteja wako mwenye usingizi,
Milcah Ajwang (Mama Peres)

Tanbihi: Jana sikuwahi posta. Tangu uweke hiyo difu nimekuwa nikimwimbia Peres njia nzima, kwa sauti ya kuishinda injini. Leo koo limekauka, sikuimba. Alilala kabla hatujatoka Uthiru, na sasa ni saa saba, bado amelala. Difu usiiguse. Vidyaben ananiombea nisipone haraka.