Mlango wa Soko Ni Wangu

Jumanne, 21 Oktoba

Ushindi! Mugenzi amekubali. Lile jengo lake la Rwezamenyo, lililobaki tupu tangu wapangaji wakimbilie maghorofa mapya ya mjini, sasa ni soko letu. Sharti moja tu: Jumamosi akipita asione watu, Jumatatu analijaza mifuko ya saruji. Watu watakuja. Mimi ndiye mwenyekiti, kwa hiyo nimegawa meza kwa haki. Kanzu zangu mlangoni, Mukandekezi na chapati zake ghorofa ya tatu. Kauliza kwa nini yeye. Nimemweleza kwamba moshi hupanda.

Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna mtu. Aliingia paka, naye akapanda kwa Mukandekezi.

Nyumbani nimemgusia mke wangu Kaze kwamba huenda cherehani ikarudi sebuleni kwa muda. Hana huruma! Mahali pake ameshaweka kabati, na kabati, anasema, halipigi kelele. Saruji ikishinda, sina pa kushonea. Naogopa, nisidanganye.

Ijumaa, 24 Oktoba

Akili ninayo! Kesho ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Asubuhi mtaa mzima utashika jembe, kisha mtaa mzima utakaa mkutanoni. Nimemwendea Mama Gahongayire, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, nikamsihi mkutano ufanyike ghorofa ya tatu, kule kuna hewa. Kasema nta kibazo, hakuna shida, ila niangalie usafi. Mara moja nimebandika tangazo mlangoni: majembe na viatu vya matope vibaki chini. Kila mtu atasimama mbele ya kanzu zangu, kwenda na kurudi! Mukandekezi maskini, anakanda unga huku anaimba. Hajui linalomjia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua usiku kucha. Asubuhi tumezibua mtaro, matope mpaka magotini. Kisha wakaja. Umati!

Hakuna aliyetazama kanzu, maana anayechelewa mkutanoni husemwa mbele ya wote. Majembe wameyalaza juu ya meza yangu. Mzee Ilyasi, mteja niliyemtegemea kuliko wote, amejipangusia mikono kwenye kanzu nyeupe na kunishukuru kwa kitambaa. Nilipotaka kupanda, wakaniuliza nani atalinda majembe.

Juu, vicheko na harufu ya chapati. Watu wametoka mtaroni na njaa! Nani angewaza hilo? Mugenzi amepanda mkono mtupu, ameshuka anatafuna. Soko linabaki, kasema. Na mkutano umemchagua Mukandekezi kuwa mwenyekiti. Mimi nimepigiwa makofi kwa ulinzi. Imeniuma sana. Soko lilikuwa wazo langu!

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimejifunza: biashara iko juu. Nimemwomba Mukandekezi tubadilishane meza. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata soda nilimnunulia. Alikubali kabla sijaifungua. Amenisaidia hata kubeba cherehani, jambo ambalo si kawaida yake. Tulipofika juu, huku anahema, akanieleza kwamba Mama Gahongayire ameamua mikutano yote sasa iwe chini, nje ya mlango. Magoti ya wazee yamegoma.

Nimemwambia iko sawa. Haniwezi! Nimeshapima dirisha. Kamba ndefu, kikapu kimoja, na kanzu zitawashukia wateja walipokaa. Chini ya dirisha hasa Mukandekezi ameweka karai lake la mafuta. Vizuri sana, nimepata pa kulenga.