Wiki Niliyoweka Kompyuta Langoni

Jumamosi, 12 Julai

Kaka yangu Moffat amekuja kutoka Kiriaini kunywa chai yangu na kunidharau. Ati ruracio ya Wangui, sherehe ya mahari, isifanyiwe hapa kwangu Ruring'u, ifanyiwe kwake. Sababu? Kwake ni kisasa. Ukiingia sebuleni taa zinawaka zenyewe. Pazia linajifungua. Watu wa Kutus, upande wa bwana harusi, wanakuja Jumamosi ijayo kujadili mahari, wasije wakadhani msichana wetu ametoka pangoni. Alisema hayo huku anachovya mandazi yangu.

Wangui ni binti yangu wa pekee. Kutembea alijifunzia kwenye ua huu. Leo aolewe kutoka lango la mtu mwingine? Haiwezekani! Nimemwambia Moffat kwamba kufikia Jumatano nyumba hii itakuwa ya kisasa kuliko yake. Alicheka hadi akapaliwa. Tumekubaliana: atakuja Jumatano kukagua. Nikishindwa, sherehe inaenda Kiriaini.

Mke wangu Warigia ameuliza kwani mimi najua nini kuhusu kompyuta, muuza dawa za mifugo. Nimemjibu kwamba mtu anayemdunga fahali sindano hawezi kushindwa na swichi.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Nimeshinda mtandaoni nikisoma. Kumbe Moffat hulipia kampuni kila mwezi, na intaneti ikikatika kwake kunakuwa pango. Mimi nimepata programu ya bure. Inakaa hapa hapa nyumbani, kwenye kompyuta ya mwenyewe, na inaamrisha taa, pazia na mota ya lango bila kumwomba mtu ruhusa. Safi sana!

Tatizo ni kuchagua namna ya kuiweka. Unaweza kuipa kompyuta nzima, itawale peke yake. Unaweza kutengeneza kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta ya kawaida. Unaweza kuifunga kwenye kifurushi chake, ikae kando ya programu nyingine. Huko mtandaoni watu wanatukanana juu ya hizi njia kama mashabiki wa mpira.

Nimempigia Sumeya, fundi mwenye duka la kompyuta Majengo, karibu na msikiti. Amesema, bila hata kufikiri, ninunue kijikompyuta kidogo, programu ikae humo peke yake, basi. Ati ndiyo njia ya wanaoanza. Wanaoanza! Nimemshukuru kwa sauti baridi.

Nusu ya ushauri wake nimeikubali. Kompyuta nzima, sawa. Lakini kununua ya nini, na ya Warigia iko hapo mezani?

Jumatatu, 14 Julai

Programu imeingia! Skrini iliniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nilikuwa na hakika kabisa. Sikuuliza kila kitu ni nini.

Kila kitu ni mitihani ya kufunga muhula ya Gredi ya Tano anayofundisha Warigia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alivua miwani, akaniangalia, akachukua kalamu na karatasi akaanza kuandika upya. Kisha akasema polepole kwamba nikimharibia Wangui siku yake jinsi nilivyoharibu mitihani, nitahamia dukani nilale na dawa ya kupe. Kompyuta yake nimemrudishia, bila programu yangu na bila mitihani.

Uani dada yangu Njoki ameanza mazoezi ya nyimbo na wanawake wa hapa. Yeye ndiye kiongozi wa langoni. Jumamosi wageni watakuta lango limefungwa, wataimba wakiomba kufunguliwa, na wanawake wetu watawajibu kwa wimbo: hatuwajui, hatuna msichana wa kutoa, rudini. Ndivyo inavyofanywa. Msichana asionekane ni mzigo tunaoharakisha kuutua. Njoki ameapa kuwaimbisha watu wa Kutus hadi koo ziwakauke. Mimi kelele zake zinanivuruga mawazo.

Jumanne, 15 Julai

Njia ya pili: kompyuta ndani ya kompyuta. Wangui amenipa yake, akaniomba aki nisifute kitu. Sikufuta! Taa ya sebule ikatii simu yangu. Pazia nalo likaanza kufunguka. Nikapiga kigelegele mimi mwenyewe, mwanamume mzima. Mara Wangui akaja, akafunga kifuniko cha kompyuta yake, akaitia kwenye mkoba akaenda kazini. Nyumba ikapoteza fahamu. Pazia limesimama katikati mpaka sasa.

Njia ya tatu: kifurushi, kwenye kompyuta kuukuu ya dukani. Programu iliamka vizuri, ila vikorokoro vya ziada vya mota ya lango havikuja nayo. Ati kwa njia hii unavipanga mwenyewe, kimoja kimoja. Nikavipanga. Mteja aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi alisubiri, akaguna, akaenda kwa jirani. Nikavipanga tena. Hakuna kilichoongea na mwenzake.

Sikubali kushindwa! Nimeshuka Majengo nikanunua kijikompyuta kwa Sumeya. Nimemwambia ni cha rafiki. Akanituma nimsalimie huyo rafiki.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Ushindi! Kijikompyuta kimekaa stoo, kimya, kinafanya kazi. Nje nimeweka kifaa cha kuhisi magari, na agizo langu ni fupi: gari lolote likisimama mbele ya lango, fungua. Moffat alipofika, lango likajifungua kabla hajapiga honi. Akaingia, taa zikawaka. Pazia likateleza hadi mwisho. Alitafuta kasoro mpaka chini ya kochi, akakosa. Akakubali kwa shingo upande kwamba sherehe ni hapa, ila yeye kama kaka mkubwa ndiye atakuwa msemaji wetu. Sawa, aseme!

Wangui alinikumbatia. Machozi yakanilenga, nikatoka nje kukagua waya.

Sumeya amepiga simu kuuliza rafiki anaendeleaje. Nikamsimulia habari za lango. Ameuliza kama agizo la magari litakuwepo hata Jumamosi. Anaona heri niliondoe, lango nilifungue kwa simu wakati Njoki amemaliza wimbo wake. Wazo hilo nilikuwa nalo tayari. Nitaliondoa Jumamosi asubuhi. Kwa sasa napenda kulitazama, na majirani pia wanapenda.

Ijumaa, 18 Julai

Manyunyu na baridi. Hema limesimamishwa. Nimetoka na gari na kurudi, nikatoka tena nikarudi. Warigia ameuliza natafuta nini. Sitafuti kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Ngai! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi koti langu halikuonekana. Tulilitafuta nyumba nzima, likapatikana chini ya sufuria za kukodi, likapigwa pasi, na wakati huo wageni wanasikika barabarani. Agizo la magari lilinitoka kabisa kichwani.

Watu wa Kutus waliacha magari chini, wakapanda kwa miguu wakiimba, kama inavyotakiwa. Nyuma yao ilifuata pikapu ya kreti za soda, mwendo wa kinyonga. Njoki akajibu mstari wa kwanza: hatuwajui ninyi, rudini mlikotoka. Pikapu ikasogea ikasimama mbele ya lango. Lango likafunguka. Wazi kabisa!

Nikabonyeza simu, likafungwa. Kifaa kikaiona pikapu, likafunguka. Nikafunga. Likafunguka. Njoki anaimba hatuwajui, lango linawaambia karibuni. Alilikamata kwa mikono miwili, wanawake wote wakaja kusukuma, mota ikawashinda. Nikakimbilia stoo kuchomoa kijikompyuta. Stoo imefungwa! Ufunguo uko na Warigia, na Warigia yuko langoni anasukuma.

Mzee Dedan, msemaji wao, akapita katikati ya wanawake wetu taratibu, kofia mkononi. Akasema wanashukuru kupokelewa hata kabla ya kujitambulisha, Mungu abariki boma lisilo na maringo. Watu wake wakaangua kicheko. Moffat alikuwa amekariri maneno ya kukataa wiki nzima. Akabaki anakohoa. Na kila alipotaja tunachotaka, Dedan aliuliza kwa upole kama lango nalo lina maoni hayo. Mazungumzo yaliisha kabla ya nyama kuiva, na kwa hesabu yao.

Wageni walipoondoka nilimkuta Wangui chumbani, macho mekundu. Nikadhani analia kwa sababu ya mahari. Akasema mahari ni yenu. Yeye alikuwa ameketi na wenzake, amejifunika leso, anasikiliza. Alitaka kutusikia tukikataa kumtoa. Hiyo tu. Hiyo ndiyo sehemu aliyoingojea tangu akiwa mdogo, kwenye harusi za watu wengine. Shangazi hata hakufika mstari wa pili.

Maneno hayo yameniuma sana. Niliketi kando yake. Nilimwambia simtoi kwa furaha, hata kidogo, na kwamba wiki nzima nimekuwa nikihangaika ili aolewe kutoka hapa na si kwingine. Akasema anajua, baba. Akaniegemea begani, tukakaa hivyo mpaka Warigia akaja kutuita chai.

Jumapili, 20 Julai

Leo nimeenda kanisani. Niliporudi, Mzee Dedan akapiga simu. Watu wa Kutus wana utu, lazima niseme. Ati wanawake wao walijiandaa na nyimbo tele wakaimba moja, na sasa wananung'unika. Wanaomba kurudi mwezi ujao waingie upya, lango likiwa limefungwa, wakataliwe vizuri. Wangui amecheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Njoki tayari anakunywa maji ya tangawizi.

Kikafuata kikao cha familia. Wote upande mmoja, mimi upande wa pili. Nimeapa mbele yao, mkono juu: lango litafunguliwa na mikono ya wanawake, siku hiyo, tena mpaka Njoki atosheke. Hakuna simu. Hakuna kompyuta itakayolifungua. Wangui amenishika mkono akauliza kama nimeahidi kweli. Nimeahidi kweli. Mimi sivunji ahadi niliyompa mtoto wangu.

Sasa nimetulia, nimewaza. Wazo langu halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa njia. Nimempigia Sumeya kuuliza bei ya kijikompyuta kingine, kile chenye nguvu zaidi, kwa ajili ya yule rafiki. Ameuliza kama rafiki naye ana lango.

Kiapo changu nimekirudia kichwani neno kwa neno. Ni kufungua tu. Juu ya kufunga hakuna aliyetaja kitu, hata Warigia. Na agizo lenyewe ni jepesi, nimeshaliandika: mgeni akishapita, lango lijifunge.