Mashine ya Dhahabu ya Kaneza

Jumamosi, 7 Januari 2012

Nimenunua mashine! Ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa. Fimbo ndefu, sahani chini, kisanduku juu chenye kitufe cha kuzungusha. Ukipitisha sahani juu ya chuma, inalia. Mzee aliyeniuzia, pale karibu na robot, zile taa za barabarani, alisema ni ya watoto wanaoanza. Safi kabisa. Kaneza ana miaka tisa, na mimi mwenyewe naanza.

Sababu naiandika hapa tu. Huyu Kaneza, binti yangu wa kuzaa, ananiita tonton, yaani mjomba. Tulipokuja Durban kutafuta maisha tulimwacha Bujumbura kwa wazazi wa mke wangu Odette, hata meno hayajajaa. Amefika kabla ya Noeli. Odette kamsuka nywele mara moja tu, tayari anaitwa mama! Mimi kinyozi, nimenyoa nusu ya Wakongomani wa mji huu, lakini kichwa cha mtoto wangu hakinihusu. Na jirani yetu Jules, fundi simu, naye ni tonton. Yaani mimi na Jules daraja moja. Jules! Mtu anayeomba chumvi kwetu kila jioni!

Mpango: namfundisha mashine, anapata mali, anaruka kwa furaha, ananiita papa. Hauna tundu.

Jumapili, 8 Januari

Nimeipeleka mashine kanisani ibarikiwe. Kwetu kitu kipya hakitumiki hivi hivi. Hata friji ya muumini mwenzetu Félicité iliombewa. Mchungaji Bizimana akasema sawa, lakini baada ya ibada. Nikailaza chini ya kiti. Nani aliiwasha, sijui. (Mimi.) Beseni la sadaka likapita, mashine ikalia. Likarudi, ikalia tena. Kanisa zima likageuka. Odette akaniamuru nitoke nje, bila kufungua meno.

Lakini nilimwona Kaneza. Kaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Alikuwa anacheka! Nilisimama juani peke yangu, nimejaa furaha kama mjinga.

Jioni babu yake akapiga simu. Kaneza akaikimbilia akipiga kelele "Papa!" mpaka korido nzima ikasikia. Akamuuliza kama paka amezaa. Nikashika ufagio, nikafagia mahali palipokwisha fagiwa. Iliniuma, acha tu.

Jumatatu, 9 Januari

Somo la kwanza, ufukweni, chini ya nyumba zetu za mtaa wa Point. Nikamwonyesha: unarusha mashine kulia, unarusha kushoto, kwa nguvu, kama mtu anayefyeka majani. Hailii. Kaneza akaomba ruhusa kwa adabu, akaishusha sahani mpaka karibu iguse mchanga, akaanza kuitembeza polepole. Ikalia papo hapo. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nataka kusema.

Tukachimba. Kizibo cha bia. Tukachimba. Kile kichuma cha mviringo cha kufungulia kopo. Eish! Watu wote wa Durban walikunywea hapa Mwaka Mpya, na wote waliacha ushahidi. Mwishowe Kaneza akakaa chini, akasema anataka kwenda nyumbani. Nikamwambia twende basi, ni pale tu, ghorofa ya pili. Akasema hapana, nyumbani Buyenzi, kule Bujumbura.

Buyenzi hata mimi naiota.

Wakati anapumzika nikazungusha kitufe mpaka mashine ikaacha kulilia takataka za makopo. Utulivu mtupu! Sasa italilia dhahabu peke yake. Na dhahabu ninayo, iko kidoleni. Kesho naifukia pete yangu ya ndoa, Kaneza anaipata. Nashindwa kukaa.

Jumanne, 10 Januari

Nilitangulia kuifukia. Alama yangu: mwavuli wa buluu wa familia moja iliyokuja kupunga upepo. Nikapanda kumchukua mtoto. Tukashuka. Nani angejua kwamba watu huondoka na mwavuli wao?

Si kitu, nikasema, mashine iko. Kaneza akaitembeza vizuri kuliko mimi, mstari kwa mstari. Kimya. Akarudia. Kimya. Jasho likaanza kunitoka. Ikabidi nimwambie ukweli, halafu nikameza aibu nikampigia Jules. Akauliza nimegusa kitufe gani. Akanieleza, huku anatafuna, kwamba kwa mashine pete ya dhahabu na kichuma cha kopo ni ndugu. Ukiizuia kulilia hiki, umeizuia na kile.

Nikakirudisha kitufe. Ikalia kila mahali. Tulichimba, tukachimba, tukapata vichuma vya makopo vya kutosha kuozesha kijiji. Pete hakuna. Nikakaa kwenye mchanga, machozi yakatoka, sikuweza kuyazuia. Kaneza akaiweka mashine chini. Akauliza kama mama atanipiga. Nikasema afadhali angenipiga, yeye hununa. Akaanza kunipangusa mchanga magotini.

Nyumbani, Odette hata hajaweka mkoba chini, akakitazama kidole changu. Akauliza pete iko wapi. Kabla sijafungua mdomo, Kaneza akadakia: kidole cha papa kimevimba, akaivua, imebaki saluni.

Nikadhani anamsema babu yake. Nikaanza hata kumwonea huruma mzee wa watu na kidole chake. Mpaka Kaneza aliponishika mkono, akauinua, akamwonyesha Odette uvimbe ambao haupo.

Nilienda bafuni nikafungulia maji, ili wasinisikie.

Jumatano, 11 Januari

Papa mara mbili tangu asubuhi! Moja ya kuomba sabuni, moja ya kuniambia nimemziba asione televisheni. Lakini ni papa za kusemwa tu, za chini chini. Mimi nataka ile ya kukimbiliwa. Ile ya kelele, Jules aisikie huko aliko na chumvi yetu.

Odette kaenda kwenye kibanda chake cha nguo. Hereni zake za dhahabu ziko kwenye kikopo juu ya kabati, na ni kubwa kuliko pete, mashine haiwezi kuzikosa. Mahali pa kuzifukia nimeshapata: pale anapolalaga mbwa mmoja mweupe wa ufukweni. Nimemchunguza vizuri. Hahamagi kabisa.